Maua Sigawi

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa kalamu na karatasi, kitu ambacho sijafanya tangu nimalize shule, kwa sababu simu umeikataa. Juzi nilipiga, ukapokea, nikakusikia unapumua, halafu ukakata. Sikulaumu. Najua tangu upate kiharusi maneno yanakugeuka mdomoni. Unataka kusema chai, kinatoka kiatu. Na wewe uliyekuwa unasuka nywele huku unasimulia habari za mtaa mzima hutaki mtu akusikie hivyo, hata mimi. Basi tuandikiane. Yule tabibu wa mazoezi alisema ujaribu mkono wa kushoto, hata kama ni kuchora mistari tu.

Sasa neno lenyewe. Mimi na Kaka Mkubwa tumekaa, tumezungumza, tumekubaliana. Mkataba wa nyumba yako unaisha mwisho wa Juni. Hatutauongeza. Utahamia kwangu. Ghorofa ya tatu, ngazi zile, na upande mzima wa kulia usiokusikia, sisi tutapata usingizi wapi? Huyo dada anayekuja kukufulia na kupiga deki hawezi kuwa macho yetu. Chumba chako kimeshapakwa rangi ya krimu, na choo kiko humo humo ndani. Jikoni hutaingia. Utakaa kama malkia.

Maua yako anza kuwagawia majirani taratibu. Kwangu hayana pa kukaa, na wewe huwezi tena kuinua kitu kizito. Najua unayapenda. Lakini Mama, ni maua tu.

Wajukuu wanakusalimu.

Nyenje wako, mpiga kelele


12 Februari

Nyenje,

Huu mkono wa kushoto. Ndiyo maana.

Sihami. Maua sigawi.

Hicho chumba kina dirisha?

Mama


18 Februari

Mama yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba begani, viatu sijavua. Herufi zako zimetawanyika kama kuku wamepita juu ya karatasi, lakini ni zako, na ubishi ni wako. Nililia, kisha nikacheka. Nikampelekea Kaka Mkubwa pale ghalani kwake. Akaisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akasema, "Ukaidi umepona. Bado mwili."

Ila kukataa ni jambo moja na kujiweza ni jingine. Nijibu kwa haki. Unapika nini? Nani anakufunga vifungo? Ule mpira wa mazoezi unaubana? Na hayo maua unayosema hugawi, yako wapi? Siku niliyokurudisha kutoka hospitali nilichungulia roshani. Kila kitu kilikuwa rangi ya kahawia. Nikafunga mlango haraka usione.

Chumba ni kizuri mno. Vigae vipya, feni, kabati la ukutani la milango mitatu. Kaka atakuja mwenyewe na gari la mizigo wiki ya mwisho ya Juni, wewe hutainua hata sahani.

Fikiria vizuri.

Nyenje


27 Februari

Kwa mpangaji wa ghorofa ya tatu,

Mimi ndiye mpangaji wa ghorofa ya pili, chini yako. Tumekuwa tukisalimiana ngazini, zaidi ya hapo hatujuani. Nimeendesha malori maisha yangu yote, sasa nimestaafu, na starehe niliyobaki nayo ni kuvaa shati jeupe lililonyooka. Mashati yangu nayafua mwenyewe na kuyaanika roshani.

Tangu wiki iliyopita, kila asubuhi yananishukia maji ya tope kutoka kwako. Mara ya kwanza nilidhani ni mvua. Mvua gani ina samadi?

Naomba jambo hili likome kabla sijamfikishia mwenye nyumba.

Mpangaji wa Chini


27 Februari

Jirani,

Samahani. Nimepata kiharusi. Mdomo umeharibika, ndiyo maana siji kuomba radhi kwa mdomo.

Lile kopo la kumwagilia ni zito kwa mkono wa kushoto. Likianza kumwaga halisikii. Kuanzia kesho natumia kikombe.

Shati lilete. Nitalifua. Polepole.

Wa Juu


10 Machi

Nyenje,

Barua hii nimeiandika vipande vipande, leo mstari, kesho mstari. Usisahihishe.

Unauliza maua. Ndiyo, yalikauka. Mlango ulioufunga niliufungua ulipotoka tu. Mrehani, kwisha. Ile mimea ya majani mapana, kwisha. Nilivuta kiti nikakaa katikati yake, nikaona kama nimekaa na wenzangu. Halafu nikapandwa na hasira. Nikaanza kung'oa.

Chungu nakibana katikati ya magoti, vile vile nilivyokuwa nawabana watoto wasiotulia kusukwa. Halafu navuta. Chini ya majani yaliyooza nikakuta mshubiri umezaa. Katoto kijani, kadogo, kamejificha kama kamekosea. Na ule mmea unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo, ulikuwa umekauka wote ila kifundo kimoja. Nikakikata kwa meno, maana mkasi unataka mkono mwingine. Nikakitia kwenye glasi ya maji dirishani. Kila nikiamka nakwenda kukitazama kabla ya kunawa uso. Jana kimetoa mzizi. Mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikaita mtu aje aone, wakati nyumbani hakuna mtu. Neno lililonitoka ni "sabuni". Nilicheka, Nyenje. Upande mmoja tu wa mdomo ndio unaocheka, lakini nilicheka.

Mpira wa mazoezi nimeutia kabatini. Mimi nabana mabonge ya udongo mpaka yanakuwa unga. Mkono wa kulia naushika kwa wa kushoto naupeleka kwenye udongo kwa nguvu, kama mtoto anayepelekwa shule. Kidole cha mwisho kimeanza kunisikia.

Napika uji na mayai. Vifungo nimeachana navyo, navaa nguo za kuingiza kichwani.

Hujanijibu habari ya dirisha.

Mama


29 Machi

Jirani wa Juu,

Nimekuachia mlangoni mifuniko ya ndoo. Weka chini ya vyungu, ishike maji. Shati usijisumbue, lilishafuliwa.

Nina neno jingine na sijui nilianzeje. Tangu uanze kutumia kikombe hakishuki kitu. Ningepaswa kufurahi. Lakini nilikuwa nimezoea. Maji yakishuka nilijua umeamka salama. Sasa nanyamazisha redio nisikie kama kiti chako kinaburuzwa, na siku nyingine sisikii, nabaki na wasiwasi mpaka saa ya chakula.

Kwa hiyo naomba, ukimaliza kumwagilia, mwaga kikombe kimoja ukingoni, upande wa kushoto. Kamba yangu ya mashati nimeshaihamisha.

Barua zako nazo ziache nje ya mlango. Posta napita kila asubuhi, madaktari wameniamuru kutembea.

Wa Chini


29 Machi

Wa Chini,

Kikombe kimoja, upande wa kushoto. Sawa.

Ila kikichelewa usije mbio. Huenda nimelala tu. Nami ni mtu mzima.

Wa Juu


20 Aprili

Nyenje,

Sina habari kubwa. Mimi mzima. Nakuandikia kitandani kwa uvivu tu, ndiyo maana mistari imelala. Mshubiri mdogo umeshika. Waridi nililodhani limekufa linaendelea vizuri, isipokuwa limehama chungu. Mrehani mpya umeota, nilisia mbegu kwenye kopo la maziwa.

Msinihangaikie. Kaka yako mwambie nguvu zake za kubeba azihifadhi.

Dirisha?

Mama


21 Aprili

Kwako binti wa jirani yangu,

Hunijui. Ninakaa chini ya mama yako, mimi ndiye ninayepeleka barua zake posta, na anwani yako nimeipata kwenye bahasha. Amenikataza kukuandikia. Aliponipa barua yake jana alinipa na kikaratasi pembeni, herufi kubwa: USIMWAMBIE. Barua yake nimeituma kama alivyotaka yeye. Hii naituma kama ninavyotaka mimi.

Mama yako ameanguka. Mguu umevimba lakini haukuvunjika, tumeupiga picha zahanati. Yuko salama. Nasema hayo kwanza ili usome yaliyobaki bila kutetemeka.

Huwa anamwaga kikombe kimoja cha maji kila asubuhi nijue ameamka. Ni mapatano yetu. Juzi maji yalishuka kama bomba limepasuka, na udongo ndani yake, na vipande vya chungu. Nikapanda ngazi kadiri magoti yangu yalivyokubali. Nikagonga. Ndani nikasikia kitu kinaburuzwa sakafuni, kinasimama, kinaendelea. Nikasema, "Jirani, ni mimi wa chini! Unaweza kufungua?" Akajibu, "Kijiko! Kijiko!" Nikadhani amechanganyikiwa. Mara ufunguo ukapenyezwa chini ya mlango. Kumbe ndicho kijiko chenyewe.

Nilimkuta amelala kwa ubavu nyuma ya mlango, udongo mpaka kwenye nyusi, na mche wa waridi ameukumbatia kifuani. Alitaka kukihamisha chungu chake kikubwa kisipigwe na jua kali. Kilimzidi nguvu. Kutoka roshani mpaka mlangoni alijikokota kwa mkono mmoja, na ua hakuliacha. Nilipomwinua alinionyesha mizizi kwanza, ndipo akanionyesha mguu.

Mimi si ndugu, sina la kuamua. Lakini wewe ni mwanawe, na ni haki yako kujua. Yote mawili ujue: kwamba alianguka, na kwamba alifika mlangoni.

Jirani wa Chini


27 Aprili

Mama,

"Kwa uvivu tu." Nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imelegea. Barua zenu zimefika siku moja, yako na ya jirani. Yako nilianza kuifungua kwa furaha.

Ungekufa, Mama. Ungekufa kwa sababu ya chungu cha waridi, nami ningepata habari kwa mtu nisiyemjua. Nilikuwa kazini kaunta, wateja wamepanga foleni, nikafunga dirisha langu nikaenda kukaa kwenye chumba cha kutunzia faili nikalia kama mtoto. Na wewe unauliza dirisha, dirisha, dirisha!

Haya, nakujibu. Chumba kina dirisha na dirisha linatazama ukuta wa nyumba ya pili. Ukinyoosha mkono unaugusa. Jua haliingii. Hakuna roshani. Hakuna mmea utakaoishi humo. Nilijua ukijua hutakuja, ndiyo maana nikawa nakuimbia vigae na feni. Umeridhika?

Ni chumba nilicho nacho, Mama. Sina kingine. Lakini ndani yake ukianguka mtu atakusikia.

Mjadala umekwisha. Kaka anakuja Juni.

Nyenje


6 Mei

Mwanangu,

Nilikudanganya. Nilijua ukijua utasema hayo uliyosema. Nawe ulinificha ukuta ukijua nitasema nitakayosema. Tumetoka sare, sasa tuongee kama watu wazima.

Hospitali walikuwa wema kwangu. Walinigeuza, wakanilisha, wakanichana nywele, vibaya lakini kwa wema. Nikifungua mdomo kuomba kitu, kabla neno halijafika walikuwa wameshanipa kingine. Nataka maji, napewa shuka. Baadaye nikaacha kutaka. Hilo ndilo lililonitisha, Nyenje, kuliko mguu na mkono. Nilikuwa nalala pale sitaki kitu chochote.

Nyumbani, mara ya kwanza kutaka kitu ilikuwa pale roshani. Nilitaka kujua ule mzizi utatokeza lini. Ni jambo la kipuuzi, lakini lilinitoa kitandani, na kesho yake likanitoa tena. Sasa nina vyungu dirisha zima. Kuna wanaotaka maji kila siku na wasiotaka kuyaona wiki nzima, na wote wananingoja mimi. Hakuna anayenimalizia neno. Nasimama mbele yao naita majina yao mpaka yatoke. Mrehani umeshatoka. Mshubiri unatoka nusu. Waridi bado linatoka "birika", lakini linaelewa.

Kwako nitapendwa, najua. Nitapendwa mpaka nisitake tena kitu.

Sasa sikiliza. Vyungu vikubwa sigusi tena, nimeapa. Jirani ana ufunguo wa pili. Yule dada wa kufua amekubali kuongeza siku. Bafuni naomba vyuma vya kushikia. Hayo yote ni yangu, nimeyapanga mimi.

Na njoo. Usimtume kaka yako, njoo wewe. Kaa nami wiki moja, kunja mikono, unitazame. Usinisaidie kitu. Nikidondosha, usiokote. Nikikwama kwenye neno, usinimalizie. Wiki ikiisha, ukiniangalia usoni ukasema, "Mama, hujiwezi," nitashuka ngazi hizi mwenyewe na kupanda hilo gari, na maua nitayagawa. Neno langu hilo.

Lakini ukae wiki nzima. Usije ukakimbia siku ya pili.

Mama


12 Mei

Mama,

Nakuja wiki ya kwanza ya Juni. Wiki nzima. Nimekubali masharti, shingo upande.

Kaka nimemwambia nakuja kukusaidia kufunga mizigo. Sijui ningemwambiaje vinginevyo.

Na huyo jirani mwenye ufunguo, anayengoja kikombe chako cha maji kila asubuhi, nitamwona kwa macho yangu.

Nyenje


4 Juni

Wa Juu,

Mgeni wako anamwagilia kwa ndoo. Mashati yote yamelowa, hata yale ya upande wa kulia. Naomba umwambie.

Wa Chini


4 Juni

Wa Chini,

Mwambie mwenyewe. Kati yetu watatu, wewe na yeye ndio mnaoweza kusema. Nami nilimkataza asiguse maji, akanivizia nikiwa bafuni.

Njoo saa kumi, kuna chai. Nitaichelewesha, kwa hiyo usije na haraka.

Wa Juu


9 Juni

Kaka Mkubwa,

Nimerudi jana, na badala ya kukupigia simu nimeona nikuandikie. Kwenye simu utanikatiza.

Sikwenda kufunga mizigo. Nilikudanganya, nisamehe. Nilikwenda kumtazama Mama akiishi, kwa masharti yake: nisimsaidie kitu. Ile wiki ilinichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na sikufanya chochote.

Siku ya kwanza alinitengenezea chai. Nilikaa kwenye kiti nimekalia mikono yangu miwili. Alijaza sufuria nusu, akaisukuma juu ya meza kwa kiwiko, akawasha jiko, likazimika, akawasha tena. Kikombe kimoja kilimponyoka kikavunjika. Nikainuka. Alinitazama tu, nikakaa. Akaleta ufagio, akafagia vipande kwa mkono mmoja, akakanyaga mpini wa kizoleo kwa mguu ule unaomsikia, akavikusanya vyote. Chai ilipofika ilikuwa vuguvugu. Niliinywa yote, Kaka, kisha nikaenda bafuni nikafungulia maji ya bomba ili asisikie ninavyolia.

Siku ya nne nilimwagilia maua kwa siri nikagombana na nchi nzima, yeye juu na jirani chini. Huyo jirani ni mzee mnyoofu kama mkunjo wa suruali yake. Alikuja na shati bichi mkononi kama ushahidi mahakamani, akanisomea mashtaka, halafu akakaa akanywa chai, akamsubiri Mama amalize sentensi moja kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshasema kumi. Hakumkatiza hata mara moja. Niliona aibu.

Maua yenyewe, Kaka, ukiyaona hutaamini ni roshani ile ile. Amejaza makopo, birika bovu, hata beseni langu la utotoni. Vipandikizi vinasimama kwenye glasi vimetoa mizizi. Wateja wake wa zamani wa kusukwa wanakuja kuomba matawi. Anawakatia, siku hizi ana mkasi wa kupogolea unaofunguka wenyewe, na wao wanamletea mengine. Wanakaa, wanaongea, naye anatia neno lake moja moja.

Lakini ninalotaka ulijue zaidi ni la Alhamisi.

Ulishamwambia mwenye nyumba kwamba Mama anahama. Hukutuambia. Asubuhi ile tulisikia hodi, Mama akaenda kufungua, akamkuta mwenye nyumba na mume na mke wamekuja kutazama nyumba. Yule mke alikuwa na futi ya kupimia, akaingia moja kwa moja hadi dirishani akaanza kupima pazia. Mwenye nyumba akasema kwa sauti ile ya kumsemesha mgonjwa, "Pole sana Mama. Mwanao ametuambia. Hatutakusumbua, tunapima tu."

Nilifungua mdomo. Mama akainua mkono wa kushoto bila hata kunigeukia, nikanyamaza.

Akaanza. "Mimi," akasema. Halafu likaja "sahani". Akatikisa kichwa. "Mimi. Si. Sahani." Uso ulimwiva, jasho likamtoka puani. Yule mume akawa anatazama viatu vyake. Mwenye nyumba akasema, "Basi Mama, usijichoshe, nitaongea na mwanao." Akageuka kuja kwangu. Na mimi ningeweza kumaliza yote kwa pumzi moja, Kaka, unanijua. Nilijing'ata ulimi mpaka nikaonja damu.

Mama akampita, akaenda akasimama kati ya yule mke na dirisha, mgongo kwa vyungu vyake. Akavuta pumzi kama anayetaka kuinua gunia. Akasema, "Naishi. Hapa."

Yule mke akakunja futi yake.

Mwenye nyumba akasema, "Lakini mwanao mkubwa alisema..."

"Mwanangu," Mama akasema, "ana. Kwake."

Mwenye nyumba alijikuna shingo. Akauliza mkataba uko kwa jina la nani. Mama akajigonga kifua. Ni wake, Kaka, tangu enzi za Baba. Akauliza kama anaongeza muda. Mama akanyoosha mkono kuomba kalamu. Hakuwa na karatasi, ikabidi arudi nayo jioni, na ilipofika Mama alisaini kwa mkono wa kushoto, polepole, jina lote, hakuacha hata herufi. Wale mume na mke walishaondoka, na yule mke amebeba kitawi cha mnanaa kwenye kikombe cha plastiki.

Baada ya hapo nilimkuta amekaa roshani anatetemeka mwili mzima. Nilidhani ni hofu. Akasema, "Njaa."

Wiki ilipoisha alinitazama usoni akasubiri. Nilishindwa kusema kwamba hajiwezi. Anaweza taabu taabu, anaweza kwa kuchelewa, siku nyingine hawezi kabisa na anarudia kesho. Ataanguka tena, labda. Nimelikubali hilo nikiwa na hofu, sitakuficha. Lakini chumba changu kile nilikirudia nikakitazama, nikanyoosha mkono nikaugusa ule ukuta. Nimeshawaambia watoto waweke vitanda vyao humo.

Usije na gari la mizigo. Nakuomba. Umezoea ghala, kila mzigo una rafu yake na ukiuweka umekaa. Mama si mzigo.

Nijibu, hata kama ni kwa matusi.

Nyenje


15 Juni

Mama,

Shikamoo.

Nyenje ameniandikia. Nilikasirika siku nzima. Nilisema nyote wawili mmerukwa na akili na yule jirani ndiye kiongozi wenu. Kisha nikampigia mwenye nyumba nikiwa na nia ya kumgombeza, akaniambia, "Bwana, mama yako alinifukuza kwa maneno matano. Mimi nina wapangaji wanaonitukana kwa lugha mbili, hawajawahi kunifukuza."

Nilipaswa kukuuliza kabla ya kuongea naye. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utasema nini. Na kwa sababu, Mama, siku ile nilipokukuta sakafuni jikoni, macho wazi na mdomo umekwenda upande, nilikubeba ngazi zote zile peke yangu, na ulikuwa mwepesi. Tangu siku hiyo sijui kukufikiria ukiwa umesimama. Nakuona umebebwa tu.

Nitakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Gari la mizigo nimelirudisha kazini. Nakuja na drili na vyuma vya kushikia, vya bafuni na vya ngazini, kama mwenye nyumba atakubali, na akikataa nitaongea naye.

Kama hutaki nije, niambie.

Mwanao


19 Juni

Kifungua mimba wangu,

Njoo.

Vyuma vya bafuni viwe upande wa kushoto, usawa wa kiuno changu, si chako. Usitoboe bila mimi kusimama pale. Ngazi za mwenye nyumba niachie mimi niongee naye, ameanza kunisikiliza.

Mimi pia niliogopa siku ile. Nilikuona uso wako ulipokuwa unanibeba, nikataka kukwambia usikimbie, utajikwaa. Nikashindwa kulitoa neno. Ndilo la kwanza lililonigomea. Basi nakwambia sasa: ulinibeba vizuri, mwanangu. Sasa nishushe.

Kuna waridi limekua kuliko chungu chake. Nataka kikubwa, cha udongo, chenye tundu chini. Lete na mifuko miwili ya mbolea iliyooza sawasawa, isiwe ile inayonuka. Utaipandisha mwenyewe, na nitakuonyesha namna ya kupanda, maana mikono yako naijua, itavunja mizizi.

Ukifika piga hodi, halafu subiri. Usisukume mlango, usiite jina langu kama kuna moto. Utasikia mguu mmoja, kisha utasikia kimya, kisha mguu tena. Ni mimi huyo, nakuja kufungua.

Mama